Kamba ya Mafundo Sitini

Bagira, siku ya tatu, 15 septemba 1982

Cahier hii, daftari tupu, alinipa abbé Placide, padri wetu, mbele ya kupanda mashua ya Idjwi, kule walimutuma parokia mupya. Alinipa mbili. Moja ni ya kilabu: mvua, vipimo, tarehe. Ya pili ni hii. Akasema: "Ignace, andika vile weye mwenyewe unaona. Nitaisoma Pâques, Pasaka ikifika." Basi abbé, soma polepole, juu mwandiko ni wa mutu aliyeacha masomo deuxième secondaire, na tangu pale kalamu yangu ilikuwa clé ya dix-sept, ya kufungulia moteur.

Na kama cahier itaangukia mikono ya mutu mwingine: mimi ni Ignace kanisani, Birindwa kwenye karte, na mutaani mwetu wote wananiita Ingénieur. Diplome hakuna. Lakini nimefungua moteur Kalemie, Bujumbura, Kisangani, na Kinshasa mara mbili, na wazungu walisimama pembeni wakinishikia lampe. Miaka kumi na tisa kwenye mashua za ziwa. Leo niko na miaka makumi tano na mbili, mugongo unaniuma, natengeneza pompe na mashini za kushona chini ya paa la mabati karibu ya kanisa. Na kila siku ya tatu ya juma na siku ya posho, mwisho wa juma, kisha midi, saa sita ikipita, niko na watoto ishirini na wawili wa Kilabu ya Wachunguzi.

Abbé aliniachia kazi kwa maneno matatu: kisia, pima, andika. Inaonekana nyepesi. Moteur ya tani mbili haikunichokesha vile.

Siku ya posho, 18 septemba

Asubuhi salongo, kazi ya lazima ya mutaa, quartier nzima na majembe. Kisha midi, watoto. Nilikuwa nimewapa kila mutu kopo la maziwa ya unga aliweke nje, apime mvua na règle. Leo wanakaa, kalamu bic mukononi, wananiangalia.

"Tonton, tuandike nini?"

"Mwandike vile mumeona."

Philémon, miaka kumi na ine, mwenye mudomo kuliko redio, akasema: "Tonton, utufanyie dictée tu, weye useme, sisi tuandike. Kuona, tutaona kisha."

Hii ndiyo masomo yetu. Unaweka maji mbele ya mutoto, anangojea umwambie kama yanalowesha. Nikafungua cahier zao. Zote: millimètre kumi na mbili. Watoto kutoka pande zote za mulima, na mvua moja, sawa vile Mungu alinyesha na kipimo cha duka. Kumbe wote walikopia kwa Philémon, juu mwandiko wake ni muzuri.

Mutoto moja tu hakuandika namba. Clémence, miaka kumi na tano, binti wa infirmier, muuguzi. Aliandika: "Kopo yangu imejaa, lakini niliiweka karibu na ukuta, sijui ni mvua ao ni maji ya paa." Nikamupa bic mupya. Wengine wakanung'unika: anapata zawadi juu ya kusema hajui.

Siku ya tatu, 22 septemba

Mvua. Mugongo. Watoto kumi na sita.

Siku ya posho, 25 septemba

Maman Eulalie amekuja kunitafuta kwenye atelier, kibanda changu cha kazi. Ni mujane, anauzisha mboga sokoni, na watoto wake wane wanakaa naye nyuma ya kanisa, fasi mulima unaanza kusimama sawa ukuta. Akanipeleka nyuma ya jiko lake. Udongo umefungua mudomo, mrefu sawa mashua, upana wa kidole.

"Ingénieur, weye unajua moteur. Hii nayo ni ya moteur gani?"

"Ilianza lini, maman?"

"Tangu kiangazi. Minaimwangia majivu kila asubuhi. Inameza."

Nikaona: hii ndiyo kazi ya kilabu. Makopo yamewachosha watoto, na mimi pia. Tukapiga vijiti viwili vinene, kimoja juu ya ufa, kimoja chini karibu na jiko. Kama mulima unashuka, vijiti vitaachana. Tupime, tujue.

Clémence akasema tutafute mwanzi mrefu, tupimie. Nikacheka mpaka nikakohoa. "Mama mudogo, mimi nimepima kina cha ziwa, fasi hata samaki haifike, na kamba. Weye unaniletea fimbo ya kuangushia avoka." Watoto wote wakacheka. Yeye akaangalia chini.

Nimesuka kamba ya katani mwenyewe, mafundo sitini, kila fundo sentimètre kumi kutoka lenzake. Mafundo ya mashua, hayateleze. Watu walikuja kuiangalia. Nikaifunga kwenye kijiti cha juu, ilale pale pale kama mashua kwenye gati. Kipimo cha kwanza: mafundo makumi tano na munane.

Siku ya tatu, 29 septemba

Makumi tano na munane. Jua.

Siku ya posho, 2 oktoba

Vilevile. Philémon anauliza kama mulima unalipwa kwa kukaa.

Siku ya tatu, 13 oktoba

Mvua tangu siku ya Mungu, bila kupumzika hata kumeza mate. Nguo hazikauke, na Rosalie, muke wangu, anasema hata mimi ninanuka uyoga. Kamba: makumi tano na kenda. Nilipima mara tatu. Sikumwambia Eulalie kitu.

Siku ya posho, 16 oktoba



Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda na Clémence na Philémon chini ya mvua. Tukavuta kamba. Fundo la sitini, la mwisho kabisa. Wiki mbili mulima ulilala, na kwa juma moja umetembea sentimètre makumi mbili.

Clémence alikuwa anapiga magoti kwenye ufa, matope mpaka kwenye mapaja. "Tonton, hii mudomo iko vile tu. Kidole yangu inaingia vile iliingia siku ya kwanza."

Nikamujibu: "Macho inachokaka. Kamba haichokake."

Nimeandika maneno hayo hapa ili nisiyasahau.

Nikafungua kamba, tukashuka nayo, na quartier yote ilikuwa imefika kwenye salongo. Nikapanda kwenye brouette, kigari cha gurudumu moja. Abbé, ninajua kusema mbele ya watu, nilijifunza kwenye bar za Kisangani. Nikawaonyesha kamba inatona maji, nikahesabu mafundo kwa sauti, nikasema kamba kukosa haiwezekani, nyumba ya maman Eulalie haitafika siku ya Mungu ingine. Leo salongo haikufagia kitu, ilibeba nyumba. Kitanda, masafuria, mifuko ya maharagi, kuku sita. Wote wakaingia kwenye salle ya parokia, wakatenga pembe na shuka. Chef wa quartier akanishika mukono mbele ya wote: "Citoyen, hii ndiyo kazi ya maana."

Eulalie alibeba mutoto mudogo mugongoni na jiwe la kusagia kichwani. Kwa mulango aligeuka akaangalia nyumba, kisha akaniangalia mimi.

Nilikula vizuri jioni hii. Nisifiche.

Siku ya tatu, 20 oktoba

Siku ine za jua. Tumepima: makumi tano na munane.

Nikapima tena. Makumi tano na munane.

"Mulima imerudi yulu," Philémon akasema. "Pengine ilisahau kintu."

Nilicheka kuliko wote, na ni mimi niliyekuwa na hamu ndogo ya kucheka kuliko wote. Clémence alingoja nimalize. "Tonton, tupime kintu yenye haitembeake."

"Kama nini?"

"Meza."

Tukaingia salle. Ile meza ndefu ya katekismu. Kamba kavu: mafundo makumi tatu, sawa sawa, mwisho kwa mwisho. Kisha akatia kamba ndani ya bassin ya maji. Tulikaa tukingoja. Nyuma ya shuka, Eulalie alikuwa anakaanga samaki ndogo, watoto wake wanagombania kifuniko. Mimi nilikuwa najua. 

Kamba mbichi: makumi tatu na moja.

"Meza imekomea, imerefuka," Philémon akasema, lakini kwa sauti ya chini.

Abbé. Miaka kumi na tisa. Wakati wingu lilikuwa linatoka upande wa Idjwi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa nini? Kukimbia kwenye gati na kuregeza kamba. Juu kamba ya katani ikilowa inajikunja, inakuwa fupi, inang'oa pete ya mashua. Nimepiga vijana makofi juu ya kusahau jambo hili. Na nimefunga kamba ileile kwenye mulima, chini ya mvua ya juma zima, nikasema inapima mulima.

Eulalie alitoka nyuma ya shuka na kijiko cha mafuta mukononi.

"Sasa, Ingénieur, nini ilitembea?"

"Kamba, maman."

"Kamba."

"Ndiyo."

"Na mulima je?"

"Sijui."

Akarudisha kijiko ndani ya safuria. Samaki zilikuwa zimeungua. Jioni ileile alirudi kwake, na hakuna salongo ya kumubebea.

Siku ya ine, 21 oktoba

Wakati nyumba ilikaa bila mutu, walimwibia mabati matatu, upande wa chumba cha watoto. Nimeng'oa matatu ya atelier yangu, nimeenda kuyapigilia. Alinishikia ngazi. Rosalie aliponiona napita na mabati kichwani: "Ingénieur wa kujifungua paa mwenyewe. Hii hawakukufundisha Kinshasa."

Mutaani jina limebadilika. Ninaitwa Tonton Kamba. Hata wenye kuuzisha mukate.

Siku ya posho, 23 oktoba

Chef amenituma neno: nisihamishe tena watu bila ruhusa yake, kilabu inatia watu woga.

Kisha midi, watoto kenda tu. Clémence amefungua cahier ya kilabu, ile kubwa. "Tonton, hapa tuandike nini?"

Nikamwambia apasue page ya kamba, tuanze safi. Akashika page kwa vidole viwili. Hakupasua. "Abbé alisema tuandike. Hakusema tuandike tu yenye kutupendeza."

Mvua ilianza. Kisha nikasema: haya, dictée. Ungewaona, abbé, sura zao zikafunguka. Wamengojea neno hilo tangu septemba. "Andikeni. Tulikosa. Kamba ya katani ikilowa inakuwa fupi, ikikauka inarudi. Aliyeichagua ni Ignace Birindwa, na alikuwa anajua. Clémence alitaka mwanzi, akamucheka. Point, nukta."

Philémon akauliza kama "akamucheka" iko na k moja.

Siku ya tatu, 27 oktoba

Myanzi miwili, moja inateleza pembeni ya ingine, na alama za règle. Mbele ya yote tuliilaza majini saa mbili, tukapima meza. Makumi tatu mbele, makumi tatu kisha. Wakati huu waliandika wote kila mutu kwake, hata Philémon. Vijiti: mètre tano na makumi munane na moja.

Wino umeenea hapa, sababu maji yanatona kwenye karatasi. Paa la atelier liko na dirisha sasa.

Siku ya posho, 30 oktoba

5 m 81.

Siku ya tatu, 3 novemba

5 m 82. Pengine ni jicho langu. Tumeandika majina ya wenye kupima.

Siku ya posho, 6 novemba

Chef ameamuru salongo ijaze ufa. Watu makumi tatu wakamwaga udongo, wakaukanyaga na kuimba. Mimi pia nilikanyaga. Mutu anayeitwa Kamba hana fasi ya kukataa. Chef akaupiga na kiatu: "Imepona." Vijiti vyetu vilikuwa mbali ya udongo ule, kimoja juu, kimoja chini. Clémence alikuwa amekaa juu ya kimoja, amekifunika na jupe yake yote wasikiguse, mpaka wakamaliza.

Siku ya tatu, 10 novemba

Mvua. Homa. Watoto walipima bila mimi. 5 m 83.

Siku ya tatu, 17 novemba

5 m 84. Ninatengeneza mashini ya kushona na mufuko wa plastiki kichwani. Wateja wanaona ni mode ya Bujumbura. Nimewaachia waone vile.

Siku ya posho, 20 novemba

5 m 87. Makopo yanasema juma hili mvua imezidi zote. Mara ya kwanza watoto wameweka namba za mvua pembeni ya namba za vijiti bila kuambiwa. Hakuna aliyefanya mzaha. Hata Philémon.

Siku ya tatu, 24 novemba

5 m 95.

Tulipima mara ine. Wapimaji tofauti. Udongo wa salongo umekatika katikati sawa mukate.

Clémence akafunga cahier. "Twende kwa maman Eulalie."

"Enda na Philémon. Mimi atanifukuza."

"Ni weye ulimutosha nyumbani mara ya kwanza, tonton."

Sikutaka, abbé. Ninaandika wazi. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno, na nilikuwa naona sura za watu kwenye milango. Kama ninakosa tena, hakuna kilabu, na mimi nihamie Nyangezi nikalime mihogo. Kama sisemi na mulima unashuka, kuna watoto wane. Niliweka hivi na hivi kichwani njia nzima, na njia ni mètre mia mbili.

Alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, kwa mulango.

"Umekuja tena na kamba yako?"

"Apana, maman. Mwanzi."

"Na kesho itakuwa muwa." Hakuinua macho. "Sema."

Nilimupa Clémence nafasi, akafungua cahier kwenye namba za leo. Eulalie akamukatiza: "Apana. Anzia kwenye mwanzo."

Clémence akasoma yote. Siku ya vijiti. Makumi tano na munane. Mvua. Sitini. Akafika kwenye page ya kamba, na mimi nikaangalia viatu vyangu, vilikuwa vimejaa matope, vilinifurahisha kuangalia.

"Ile usome tena," Eulalie akasema.

Akasoma tena: aliyeichagua ni Ignace Birindwa, na alikuwa anajua.

"Nani aliwaambia muandike vile?"

"Tonton mwenyewe."

Akaweka sombe chini. "Na hii mwanzi yenu, muliilowesha?"

"Mbele ya yote, maman. Meza ilibaki makumi tatu."

"Na kama mumekosa fasi ingine?"

Clémence akaniangalia. Nikasema: "Inawezekana."

Mvua ilikuwa inapiga mabati yangu juu ya kichwa chetu. "Ile siku ya brouette ulisema haiwezekani," Eulalie akasema. "Mara saba. Nilihesabu." Kisha akaita ndani, kwa mutoto wake wa kwanza: "Kunja matela, tunatoka."

Hakuna salongo safari hii. Ni watoto ishirini na wawili waliobeba, wote walikuja, hata wale walikuwa wameacha kilabu. Kwenye milango watu walicheka, moja akauliza kama leo tumepima na mukia wa panya. Chef alikataa kufungua salle. Nikawapeleka kwangu. Vyumba viwili, na watoto wetu tukawa watu kumi na moja. Rosalie akaangalia kitanda kinaingia kwa mulango, akasema: "Paa yetu iko kwake, basi naye akuje kwetu. Tutakuwa tumebadilishana." Akaongeza maji kwenye safuria.

Siku ya tano, 26 novemba

Saa ine asubuhi mulima ulishuka. Ilikuwa sauti ya camion inamwaga mawe, lakini haikumaliza kumwaga. Jiko, chumba cha watoto, mbuzi wa jirani. Mutu hata moja hakufa. Eulalie alikuwa sokoni.



Siku ya posho, 27 novemba

Chef amesema mbele ya salongo kwamba serikali ilichunga watu wake. Zamani ningepanda kwenye brouette. Leo nilishika jembe.

Kisha midi tulipanda na watoto. Kijiti cha juu kiko, cha chini hakuna. Wakakaa kwenye mawe, bic mukononi, wananiangalia, na hakuna aliyeuliza aandike nini. Wakainamia cahier zao. Nilipita nyuma yao nikisoma. Wengine waliandika rangi ya udongo, wengine namba ya mapaa yaliyobaki. Philémon alikuwa amekaa mbali kidogo na wenzake, ameandika:

"Kati ya matope nimeona kiatu moja cha mutoto wa mwisho wa maman Eulalie. Mwenyewe iko anasimama pembeni yangu. Amevaa ile ingine."

Ndani ya cahier ya kilabu, kwa mustari wa tarehe 27, Clémence ameandika: hatukupima, kijiti kimefunikwa.

Siku ya posho, 4 desemba

Eulalie amepata nyumba kwa dada yake. Mbele ya kwenda alipita kwenye atelier na watoto wake, mabati matatu vichwani, yamekunjamana, na matope kwenye mifereji yote. Alikuwa amechimba siku mbili.

"Haya ni yako, Ingénieur."

Nikamwambia akae nayo, atajenga. Akasema atajenga na yake. Akashika ngazi, sawa siku ile, na mimi nikapigilia. Tulibishana juu ya musumari moja, kama iko imekaa sawa. Akapanda mwenyewe kuangalia. Haikukaa sawa.

Sasa ni saa kenda. Mvua imeanza upande wa Idjwi, imefika, inapiga kabisa. Watoto wanakuja nusu saa kutoka sasa. Nimekaa chini ya paa nikiandika, na karatasi ni kavu.